Kiingilio cha Kuogopeshwa

Je, ni halali mtu kulipa fedha ili aogopeshwe na wafu? Swali hili laweza kuonekana kuwa la kitoto, au la watu walioshiba wasio na kazi ya kufanya. Hata hivyo namwomba msomaji anivumilie, kwani nimekaa nalo kwa miaka kadhaa, na nitaeleza hapa chini kwa nini halikuniacha nipumzike.

Siulizi kama mizuka ipo au haipo. Hilo limejadiliwa tangu zamani, barazani na vitabuni, na kila mmoja wetu anayo imani inayomwongoza. Ninalouliza ni jambo la maadili. Tukishakubaliana kwamba waliokufa walikuwa watu kama sisi, wenye njaa, mapenzi, madeni na watoto, tuna haki gani ya kuwageuza kuwa mchezo wa usiku? Na kama haki hiyo tunayo, mipaka yake ni ipi?

Swali hili liliingizwa nyumbani kwangu na vijana. Katika mji wetu, ambao sitautaja, lipo boma la kale lililojengwa na Wajerumani. Kuta zake ni nene, madirisha ni madogo, na chini kipo chumba kilichotumika kama mahabusu. Wazee husimulia kwamba uani pale watu walinyongwa wakati wa Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905. Vijana hawa, wanane kwa idadi, walikuwa wamepata wazo la kuanzisha matembezi ya usiku: watalii waingie na kurunzi, wasikie minyororo ikiburutwa, waone kivuli kikipita ukutani, walipe. Wazee walipopata habari walikataa katakata. Pande zote mbili zikaja kwangu, kwa sababu niliwahi kuwa mwalimu mkuu wa wengi wao, na kwa sababu ilijulikana kwamba mimi mwenyewe niliwahi kwenda kwenye matembezi ya namna hiyo huko Ulaya. Nilitakiwa nitoe shauri. Basi ilinibidi nifikiri.

Ilikuwa mwaka 2017, nilipokwenda Scotland kumtembelea binti yangu katika mji wa Edinburgh. Kwa mwalimu wa Tanzania wa rika langu jina la mji huo si geni. Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo kikuu chake kuanzia mwaka 1949, akarejea nyumbani mwaka 1952 na shahada yake. Nilifika nikiwa na hamu ya kuona mitaa aliyopita. Mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na hamu nyingine. Alitaka twende kuona mizuka.

Matembezi ya mizuka ni biashara kubwa mjini pale. Jioni ukipita katika barabara kuu ya mji mkongwe utawakuta vijana waliovaa majoho meusi wakiwaita wapita njia, mithili ya wapiga debe wa stendi. Tukakata tiketi kwa mmoja wao, na saa tatu usiku tukashuka chini ya daraja liitwalo South Bridge.

Mtu akisikia daraja huwaza mto. Hili halina mto. Lilijengwa kati ya mwaka 1785 na 1788 ili kuvuka bonde la mtaa wa Cowgate, nalo lina matao 19. Anayepita juu hajui kwamba yuko darajani, kwa kuwa majumba yalijengwa kulibana pande zote mbili, na tao moja tu ndilo linaloonekana hadi leo. Matao mengine yaligawanywa kuwa vyumba. Wafanyabiashara wakaweka humo bidhaa, washona viatu wakafungua karakana, na vilabu vya pombe navyo vikafuata. Lakini daraja halikuzibwa vizuri. Maji ya mvua yakapenya, bidhaa zikaoza, wenye uwezo wakahama. Walioingia baada yao ni maskini wasio na pa kwenda, wakaishi humo bila jua, bila hewa safi, bila choo. Hatimaye vyumba vikajazwa kifusi na kusahauliwa, mpaka vilipofunguliwa tena katika miaka ya 1980.

Kiongozi wetu alikuwa kijana hodari. Nasema hivi kama mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya madarasa akiwakagua walimu wanafunzi waliokuja kwa mazoezi. Alijua kushusha sauti ili tumsogelee. Alijua kunyamaza mahali panapostahili. Kabla ya kuingia kila chumba alitueleza mapema tutakachohisi: hapa wageni hupata baridi ya shingo, pale huvutwa nguo, na kule husikia mtoto akilia. Tukaingia, na kweli mama mmoja akasema amepata baridi ya shingo. Hata mimi niliipata. Kilikuwa chumba cha mawe chini ya ardhi, na mwezi ulikuwa Oktoba.

Katika chumba cha mwisho alizima taa. Akasimulia habari ya mtaa wa jirani ambao, wakati wa tauni, wakubwa wa mji waliamuru ujengewe ukuta huku wagonjwa wakiwa ndani, wazima na wafu pamoja, na ya mtoto aliyekwaruza ukuta kwa kucha mpaka mwisho wake. Akanyamaza. Kisha akapiga ukelele wa ghafla. Watu wote wakapiga yowe, halafu wakacheka. Mjukuu wangu alinikamata mkono kwa nguvu, naye akacheka. Tulipotoka nje akaniuliza, “Babu, yule mtoto aliitwa nani?”

Nikamwambia kwamba hatukuambiwa.

“Sasa kama hawajui jina lake, wanajuaje kama alikuwepo?”

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuyatazama mambo haya kwa makini. Hata hivyo, mwamuzi mwema husikiliza pande zote, kwa hiyo nianze na yanayoweza kusemwa katika kuitetea biashara hii.

La kwanza ni kwamba kuogopa kwa hiari si uovu. Sisi sote tuliolelewa na bibi tunajua. Jioni, ukiwa umefunikwa shuka moja na nduguzo, bibi anasimulia habari za zimwi lenye macho mawili mbele na mawili kisogoni, nawe unatamani anyamaze na unatamani aendelee. Mwanafalsafa Edmund Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1757, alieleza kwamba kitisho kinaweza kuwa na ladha pale ambapo hatari yenyewe haijatukaribia mno. Aristotle naye, kale sana, alifundisha kwamba tamthilia ya msiba huamsha hofu na huruma kwa pamoja. Nisisitize maneno hayo mawili, hofu na huruma, kwa kuwa nitayarudia.

La pili ni kwamba hofu ile haikuwa ya uongo mtupu. Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Uingereza, Richard Wiseman, pamoja na wenzake, waliwaingiza watu wapatao 200 katika vyumba hivyo hivyo vya South Bridge ili wapime wanachohisi. Waligundua kuwa watu waliripoti mambo ya ajabu zaidi katika vyumba vile vile vyenye sifa ya mizuka, na hili halikutegemea kama waliijua sifa hiyo kabla. Watafiti hawakuhitimisha kwamba mizuka ipo. Waliona kwamba hali ya chumba yenyewe, kama vile kimo chake na mwanga wake, inagusa miili yetu bila sisi kutambua.

Mimi nayapokea matokeo hayo kwa namna yangu. Mwili wa binadamu unajua kwamba shimo lenye unyevu na giza si mahali pa kuishi mtu. Kile ambacho sisi tulikihisi kwa dakika kumi, tukiwa na makoti mazito na tiketi mfukoni, ndicho ambacho familia nzima zilikihisi kila usiku wa maisha yao. Kama kiongozi angetuambia hivyo, hofu yetu ingekuwa mlango wa kuingilia katika huruma. Alipiga ukelele, tukacheka, mlango ukafungwa. Tulipanda ngazi tukaenda kunywa chai.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya kwanza. Hofu iliamshwa, huruma ikaachwa ilale.

Kasoro ya pili ni uongo. Siku ya pili tulikwenda kuuona mtaa wenyewe uliosimuliwa, uitwao Mary King's Close. Ni vichochoro na vyumba vilivyobaki chini ya jengo la halmashauri ya mji, na pale wageni huelezwa waziwazi kuwa habari ya kuzibiwa ukuta si ya kweli. Tauni ilikuwepo, nayo ilikuwa ya kutisha. Ilifika Edinburgh mwaka 1645. Lakini wagonjwa hawakuzikwa hai. Walitengwa, na mji ukawapelekea chakula. Wengine wakahamishiwa katika vibanda nje ya mji. Halmashauri iliajiri mganga wa tauni, akafa kwa ugonjwa huo huo. Ikaajiri mwingine, George Rae, ambaye aliingia nyumba kwa nyumba akipasua mitoki ya wagonjwa na kuichoma kwa chuma cha moto, na baadhi yao wakapona kwa sababu yake. Naye akaishi. Ama kufukiwa kwa mtaa, hilo lilitokea zaidi ya miaka mia moja baadaye, kuanzia mwaka 1753, mji ulipojenga soko la wafanyabiashara juu yake na kuzitumia nyumba za chini kuwa msingi.

Mtu anaweza kusema: uongo huu unamdhuru nani? Waliokufa mwaka 1645 hawana masikio. Nimelifikiri sana pingamizi hilo, maana lina nguvu. Katika mambo mengi ya maadili tunapima kwa kuuliza nani ameumia, na hapa hatumpati mtu wa kutuonyesha jeraha.

Jibu langu ni hili. Mtu anayemsingizia aliye hai huogopa walau kidogo, kwa sababu msingiziwa anaweza kusimama na kujibu. Aliyekufa hawezi. Uwezo wake wote wa kujitetea ameuacha mikononi mwetu sisi tulio hai, kama vile mwenye safari anavyoacha ufunguo kwa jirani. Wakubwa wa mji wa Edinburgh wa mwaka 1645 walikuwa na makosa yao, sina shaka. Lakini waliobeba mikate kupeleka kwenye milango ya wenye tauni walihatarisha roho zao, na hadithi ya ukuta inawageuza kuwa wauaji ili mtu apige yowe usiku. Jirani aliyeachiwa ufunguo akiingia na kuiba, kosa lake halipungui kwa kuwa mwenye nyumba hatarudi.

Tena wapo wanaoumia ambao wako hai, nao ni wasikilizaji. Mtoto aliyefundishwa kwamba watu wa zamani walikuwa wakatili kiasi cha kujengea wagonjwa ukuta, atajiona yeye ni mwema kwa kuzaliwa tu baadaye. Hatajiuliza kama angeubeba ule mkate.

Kasoro ya tatu ndiyo aliyoigusa mjukuu wangu, yaani jina.

Profesa John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza jambo ambalo wengi wetu tulilijua bila kuwa na maneno ya kulisemea. Kwa fikra za jamii nyingi za Afrika, mtu akifa haondoki mara moja. Maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, yeye bado ni mmoja wa jamaa, anatajwa na anaheshimiwa. Siku atakapokufa wa mwisho anayemkumbuka, ndipo anapozama katika kundi la mizimu isiyo na majina. Mbiti alitumia maneno yetu ya Kiswahili, sasa na zamani, kuonyesha safari hiyo.

Tukiifuata fikra hiyo, mzuka wa tiketi ni mtu aliyenyang'anywa jina. Nilikuwa nikifundisha tamthilia ya Makbeth, kwa tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, na Juliasi Kaizari, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Zote mbili zina mizuka. Lakini mzuka wa Banquo unapoketi mezani kwa mfalme wa Scotland, una jina na una dai: aliyeuona ndiye aliyemwua. Mzuka wa Kaizari nao unamjia Bruto, si mpita njia. Mizuka hiyo inatisha kwa sababu tunajua inamdai nani, na deni ni lipi. Yule mtoto wa gizani hamdai mtu yeyote. Analia tu.

Hebu tazama jambo jingine la mji ule ule. Mwaka 1828 watu wawili, William Burke na William Hare, walikuwa wakiua watu na kuuza maiti kwa Dokta Robert Knox, mwalimu wa elimu ya viungo, kwa ajili ya wanafunzi wake. Waliowaua ni 16. Burke alinyongwa Januari 1829, na mifupa yake ingalipo katika makumbusho ya chuo kikuu. Hare aliachiwa huru kwa kutoa ushahidi. Majina yao yanatajwa kila usiku na viongozi wa matembezi. Sasa msomaji ajiulize, nani anayetaja jina la James Wilson? Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, mlemavu wa miguu, aliyejulikana sana mitaani kwa ucheshi wake. Inasemekana wanafunzi wa Knox walimtambua alipolazwa mezani. Wauaji wana majina, waliouawa wana idadi. Wala hili si la Edinburgh peke yake. Ndivyo tunavyosimulia maovu karibu kila mahali.

Hata kwetu hatujasalimika. Huko Zanzibar, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pake. Karibu na kanisa vipo vyumba vya chini ambamo wageni huingia na kuinama, wakiambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka jambo hilo, wakisema vyumba vile vilijengwa baada ya soko kufungwa. Soko lilikuwepo, minyororo ilikuwepo, na mateso yalikuwepo. Hakuna mwenye akili anayekana hayo. Kwa hiyo ukweli wa soko hauhitaji kuegemezwa juu ya chumba chenye shaka, maana chumba kikija kukanushwa, yuko atakayetaka kulikanusha na soko lenyewe. Hatari ya kutia chumvi katika habari za wafu ni hiyo. Anayekuja kulipa ni yule mfu wa kweli, ambaye naye ataanza kushukiwa.

Upande mwingine upo mfano wa Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale wapiganaji zaidi ya sitini wa Maji Maji. Kila mwaka mwezi huo watu hukusanyika kuwakumbuka, na yapo makumbusho yenye jina la vita hivyo. Watu husafiri kutoka mbali kufika pale. Hakuna anayeburuta minyororo gizani, lakini hakuna atakayeondoka pale akidhani amekwenda kucheza.

Basi nirudi kwa wale waliokuja kwangu. Niliwakalisha pamoja, vijana na wazee, chini ya mwembe. Mzee mmoja, ambaye ndugu wa babu yake alikuwa miongoni mwa walionyongwa, alisema maneno ambayo yalitunyamazisha sote: “Mjerumani alimnyonga mara moja, mbele ya watu, ili amwaibishe. Ninyi mnataka kumnyonga kila Jumamosi. Mtu huyu atapumzika lini?”

Baada ya kimya kirefu kijana mmoja akajibu kwa adabu: “Mzee wangu, shamba la babu limekwisha kugawanywa mara tatu. Fungu langu halitoshi hata kupanda mihogo ya watoto. Boma lipo, watalii wapo. Tule nini?”

Naliona jibu hilo kuwa zito sawasawa na lile la mzee. Ni rahisi kwa mstaafu mwenye pensheni yake, hata kama ni ndogo, kuwahubiria wenye njaa juu ya heshima ya marehemu. Heshima kwa wafu isiyojali matumbo ya wajukuu wao ina kasoro, kwani wafu hao wenyewe, kama wangeulizwa, nadhani wangesema watoto wale kwanza.

Kwa hiyo sikuwaambia vijana waache. Niliwapa kipimo kimoja, nacho nakitoa hapa kwa yeyote atakayekihitaji. Kabla ya kusimulia habari za mtu aliyekufa, mweke mjukuu wake katika mstari wa mbele wa wasikilizaji. Msimulie huku ukimtazama usoni. Kama kuna neno utakaloliruka kwa haya, neno hilo halifai kusemwa hata akiwa hayupo. Kama kuna ukelele utakaoshindwa kuupiga mbele yake, usiupige.

Msomaji makini ataona kwamba kipimo hiki kina tundu. Kwetu wajukuu wa walionyongwa wapo, wanatembea sokoni. Lakini wale maskini wa South Bridge hawana anayewajua. Je, mtu akishakosa mjukuu, anakuwa halali ya kila mwenye joho jeusi? Hapo ndipo inapotupasa kukaa sisi wenyewe katika kiti cha mjukuu. Kiswahili chetu kinatupa ishara. Neno kizuka lina maana ya kitu cha kutisha kinachotokea ghafla, na pia ni jina la mjane aliyekaa eda. Sijui neno moja lilikujaje kubeba maana zote mbili, lakini kila nikilisikia nakumbuka kwamba nyuma ya kila kifo alikuwepo aliyelia. Mtaa ule wa Edinburgh nao una jina la mjane, Mary King, mwanamke mfanyabiashara aliyeishi pale kabla ya tauni. Alikuwa na jina, kazi na watoto. Ni mwanzo mwema wa kusimulia kuliko kucha za mtoto ukutani.

Kijana mwingine hakuridhika. “Mwalimu,” alisema, “ukweli hauleti wateja. Watu wanataka kuogopa.” Nikamwambia habari za George Rae na chuma chake cha moto, nikamwuliza kama hakuogopa. Akasema ameogopa. Nikamwambia kwamba hilo halikuwa na chembe ya uongo. Akakubali nusu. Nusu ya pili aliondoka nayo, na baadaye akajitoa katika kikundi, akisema hiyo si biashara tena bali ni somo la historia. Simlaumu. Huenda kwa hesabu za fedha yeye ndiye aliyeona vyema.

Waliobaki walianza kwa kwenda nyumba hadi nyumba kutafuta majina. Ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa miaka zaidi ya mia moja ni mingi. Familia nyingine zilikuwa na jina tu, nyingine zilikuwa na jina na wimbo. Familia moja ilikataa jina lake lisitajwe mbele ya wageni, na vijana wakaheshimu. Palipo na shaka walikubaliana kusema “inasemekana”, neno dogo ambalo nimelifundisha maisha yangu yote na ambalo wasimuliaji wengi hulikimbia. Walikubaliana pia kwamba sehemu ya kiingilio itatumika kuutunza uwanja ule. Iwapo watakwenda usiku au alasiri, hilo niliwaachia wao na wazee. Giza lenyewe halina dhambi. Hadi ninapoandika kurasa hizi matembezi hayajaanza, na sijui kama yatawalisha.

Ama mimi, umri wangu umepita sabini, na swali hili limeanza kunihusu kwa namna nyingine. Muda si mrefu nitakuwa mikononi mwa wasimuliaji. Ikiwa siku moja watoto wa bweni watatishana kwa habari za mzuka wa mwalimu mkuu anayezunguka usiku kukagua taa, sitakuwa na kinyongo. Watoto lazima waogope kitu. Nawaomba tu walitaje jina langu, na waseme kweli kwamba taa zilizimwa saa nne kamili, wala si saa tatu na nusu.